Shajara ya mradi: siri inayokaa kwenye pakiti alizozikosa mdukizi

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi. Mezani nina Arduino Nano tatu, yani bodi ndogo za kompyuta, na moduli tatu za redio nRF24L01, zile ndogo za gigahezi 2.4 ambazo antena yake imechorwa humohumo kwenye bodi, imejikunjakunja kama nyoka. Ya kwanza naiita Asha, inakaa dukani kwa mama hapa Ngamiani, ya pili Bakari, inakaa nyumbani kwa babu, nyumba chache tu kutoka dukani. Ya tatu ni mdukizi. Kudukiza ni neno letu la siku nyingi, ni kutega sikio kwenye maongezi yasiyokuhusu, na kazi ya hiyo bodi ya tatu ni hiyo tu, haitumi kitu, inasikiliza.

Babu ndo anashika daftari la mahesabu ya duka, miguu haimruhusu tena kufika dukani, na kila siku saa saba mchana anataka ajue mauzo yamefika wapi. Mama hapendi namba zitajwe kwa sauti wala mtoto atumwe nazo, maana maduka yamebanana na ukuta ni bati. Meseji za simu zipo na tunazitumia, ila mi nataka kuona kwa macho yangu kitu ambacho nimekisoma mwaka mzima na kimenikaa rohoni.

Chenyewe ni hiki. Mwaka 1949 Claude Shannon alionyesha kwamba kama adui anasikia kila kitu unachotuma, na unataka siri kamili asiyoweza kuivunja hata akiwa na kompyuta zote za dunia, basi ufunguo wenu wa siri, yani zile namba mnazozijua nyie wawili tu, lazima uwe mrefu kama ujumbe wenyewe. Watu wengi waliishia hapo. Afu mwaka 1975 Aaron Wyner wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, akaja na swali lingine kabisa: je, kama adui hasikii kila kitu? Kama redio yake inapata kelele nyingi kuliko ya mpokeaji halali? Akathibitisha kwamba hapo unaweza kuficha ujumbe bila ufunguo wowote wa awali, kwa kutumia msimbo tu, yani kanuni ya kupanga 0 na 1 kabla ya kutuma, misimbo ileile ya kurekebisha makosa. Kelele ambayo mafundi wa redio tunaipiga vita kila siku, yeye akaifanya mtaji.

Siku ya 2

Nimeulizwa na rafiki kwa nini nisitumie McEliece, mfumo wa kuficha ujumbe wenye jina la aliyeubuni, maana nao ni usiri wa misimbo, wa mwaka 1978, na mpaka leo haujavunjwa. Naupenda sana. Lakini ni ukoo mwingine: ule siri yake ipo kwenye ugumu wa hesabu, adui anayo taarifa yote mkononi ila kuifungua ndo kazi. Huu wa Wyner jibu halimo kabisa kwenye alivyovisikia. Na pia kuna suala la nafasi, Nano yangu ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi (baiti ni biti nane, biti ni 0 au 1), wakati ufunguo wa wazi, ule unaopewa kila mtu, wa Classic McEliece, toleo lake la sasa, ule mdogo kabisa ni baiti 261,120. Haingii.

Siku ya 4

Siku mbili zimepotea kwenye umeme. Moduli zinatuma mita moja halafu zinanyamaza. Kumbe hizi redio zinavuta mkondo kwa mshtuko wakati wa kutuma, volti 3.3 ya Nano inayumba, moduli inajizima. Nimechoma kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo, ya 10 mikrofaradi moja kwa moja kwenye miguu ya umeme ya kila moduli, mguu mrefu kwenye chanya, na sasa zinaongea mpaka kwa babu kupitia kuta tatu.

Siku ya 7

Msimbo wa kwanza umeandikwa, Hamming wa biti 7, na ngoja nieleze taratibu maana hapa ndo uzuri wote ulipo.

Richard Hamming alitoa msimbo wake mwaka 1950 kwa ajili ya kutafuta kosa. Kati ya maneno yote 128 ya biti 7, yapo 16 tu yaliyo halali. Ukituma neno halali na biti moja ikageuka njiani, mpokeaji anafanya hesabu tatu fupi na hesabu hizo zinamtajia namba ya biti iliyogeuka. Anajumlisha biti za nafasi 1, 3, 5 na 7 bila kubeba (yani 1 na 1 inarudi 0), afu 2, 3, 6 na 7, afu 4, 5, 6 na 7. Majibu matatu ukiyasoma kama namba, la mwisho mbele, ndo nafasi ya kosa.

Sasa sisi tunaweka kosa makusudi. Ujumbe wangu ni namba kati ya 0 na 7. Asha anachagua neno halali lolote kati ya yale 16 kwa bahati nasibu, afu anageuza biti ya nafasi hiyo, kama ujumbe ni 0 hageuzi kitu. Mahali pa kosa ndo ujumbe wenyewe.

Mfano niliofanya kwa mkono kwenye karatasi: ujumbe ni 5. Neno la bahati nasibu limetoka 0110011. Nageuza ya tano, inakuwa 0110111, natuma. Bakari anajumlisha: 1, 3, 5, 7 inatoa 1. 2, 3, 6, 7 inatoa 0. 4, 5, 6, 7 inatoa 1. Anasoma 101, ambayo ni 5. Hakuwa na ufunguo wowote.

Na mdukizi? Tuseme amezisikia biti 3 tu kati ya 7. Zozote zile. Nimeipitisha kompyuta kwenye kila namna inayowezekana, na kila mara jumbe zote nane zinabaki sawasawa kabisa machoni pake, hakuna hata moja iliyosogea mbele. Akisikia 4 kuna namna 35 za kuzipata hizo nne, na kati ya hizo ni 7 tu zinazomwambia kitu, kwa mfano akizipata hasa za nafasi 1, 3, 5 na 7 anajua kama namba ni witiri au shufwa, basi, zaidi ya hapo hajui. Zile 28 nyingine hazimpi chochote. Akisikia 5 lazima apate biti moja ya ujumbe, akisikia 6 anapata mbili. Huu mpango wa mdukizi kupata biti kadhaa tu kati ya zote ndo Ozarow na Wyner waliuandikia mwaka 1984.

Nilikaa naangalia hiyo jedwali ya 35 mpaka chai ikapoa. Hesabu ya miaka sabini na kitu iliyoundwa kurekebisha mashine, na inaficha siri ukiigeuza tu.

Siku ya 9

Tatizo kubwa, na nimelikuta kwa bahati. Nilizima Asha nikaiwasha, nikaona mdukizi anaandika kwenye skrini mlolongo uleule wa jana. Namba za bahati nasibu za Arduino zinaanza upya palepale kila ukiwasha kama hujazipa mbegu, yani namba ya kuanzia. Yani neno halali la Asha linajulikana kabla hajalituma! Na hapo usiri wote unaanguka, maana mdukizi akijua neno la asili, akaona biti moja tu imetofautiana na alivyotarajia, ujumbe anao mzima.

Msimbo wa namna hii unasimama kwa miguu miwili, kelele ya adui na bahati nasibu ya mtumaji, ukikata mmoja unalala chini.

Nimejaribu kusoma pini ya analogi isiyounganishwa, haifai, inatoa namba zinazokaribiana sana. Nimehamia kwenye saa mbili zilizomo kwenye bodi yenyewe, ile ya ulinzi (inayoiwasha upya chipu ikiganda) na ile kuu, ambazo haziendi sambamba kamili na tofauti yao inatikisika kidogokidogo. Hiyo mitikisiko ndo naikusanya. Ni polepole, napata kama baiti 8 kwa sekunde, lakini ni bahati ya kweli.

Siku ya 13

Nimetoka mezani nikaenda hewani na ulimwengu ukawa tofauti na karatasi. Redio hizi hazipotezi biti mojamoja. Zinatuma kwa vifurushi, pakiti, kila moja ina baiti 32, mwishoni kuna hesabu ya ukaguzi, ikiharibika biti moja tu pakiti nzima inatupwa. Kwa hiyo mdukizi ama anapata yote ama hapati kitu.

Dawa yake ni kutawanya. Biti ya kwanza ya kila neno inaenda pakiti ya kwanza, ya pili ya pili, mpaka ya saba. Baiti moja natumia kwa namba ya pakiti, zinabaki 31, ambazo ni biti 248, kwa hiyo pakiti saba zinabeba maneno 248 kwa mpigo na ndani yake ujumbe wa baiti 93. Sasa "mdukizi kasikia biti 3 kati ya 7" inageuka "mdukizi kapata pakiti 3 kati ya 7", hesabu haibadiliki.

Lakini kuna lililonikosesha usingizi. Bakari naye anapoteza pakiti, sio nyingi ila anapoteza, na redio hizi zimewekwa zitume tena zenyewe mara kadhaa zisipopata jibu. Kila Asha anaporudia, mdukizi anapewa nafasi ya pili. Kama alikuwa anakosa nusu, baada ya kurudia mara moja anakosa robo tu, maana ni pakiti ileile. Huduma nzuri kwa Bakari ni zawadi kwa mdukizi. Nimezima kutuma tena, na sasa Bakari akikosa moja kati ya saba kazi yote inaharibika.

Siku ya 16

Nimepata njia, na imenibidi niugeuze mradi mzima. Ueli Maurer aliandika mwaka 1993 kuhusu watu wawili wanaokubaliana ufunguo kwa kuongea hadharani, adui anasikia maongezi yote ya hadharani, na bado ufunguo unakuwa siri. Wazo: usitume ujumbe. Tuma uchafu mtupu wa bahati nasibu, pakiti baada ya pakiti. Bakari anajibu wazi kabisa, mbele ya kila mtu, "nimepata ya 1, ya 2, ya 4, ya 5". Ya 3 tunaitupa, haina hasara, haikuwa na ujumbe ndani. Hakuna kurudia kamwe. Mdukizi kapoteza zake, na zake sio lazima ziwe zile za Bakari.

Wakishakuwa na pakiti saba za pamoja, wanafanya zile hesabu tatu za Hamming, safari hii kwa pakiti nzima nzima: jumlisha bila kubeba pakiti 1, 3, 5 na 7, huo ni ufunguo wa kwanza. 2, 3, 6, 7 wa pili. 4, 5, 6, 7 wa tatu. Kila ufunguo umechanganywa na pakiti nne, mdukizi akikosa moja tu kati ya nne, ufunguo huo hana. Afu mama anajumlisha ujumbe na ufunguo, anautuma hewani wazi, na ufunguo hautumiki tena. Hapo tumerudi kwa Shannon, ufunguo mrefu kama ujumbe, isipokuwa hatukuupeleka kwa mkono, tumeuokota hewani.

Mdogo wangu aliniuliza, "Sasa kaka, si mdukizi anasikia Bakari akisema amepata zipi?" Anasikia ndiyo. Kujua kwamba Bakari anayo pakiti ya 4 hakukupi kilichomo kwenye pakiti ya 4 kama wewe ilikupita.

Siku ya 19

Saba ni chache mno. Kama mdukizi anapata nusu ya pakiti, uwezekano wa kuzipata nne maalumu zote ni 1 kwa 16, na kuna michanganyiko saba ya namna hiyo. Nimepanda ukoo uleule wa Hamming: pakiti 15 zinatoa funguo 4 na kila mchanganyiko unataka pakiti 8, pakiti 31 zinatoa funguo 5 na kila mmoja unataka 16. Kwa 31 na mdukizi wa nusu, uwezekano wa kuvuja chochote haufiki mara 1 kwenye 2,000. Ila kama anapata robo tatu, 31 hazitoshi kabisa. Kwa 63 inashuka mpaka chini ya mara 7 kwenye 1,000. Nimeenda na 63.

Pakiti 63 za baiti 32 ni baiti 2,016, kumbukumbu yote ya Nano imeisha hapohapo. Lakini huhitaji kuzitunza! Kila pakiti ikikubaliwa unaijumlisha papo hapo kwenye funguo zinazohusika unaitupa, unatunza funguo sita tu, baiti 186. Kilichonisumbua ni jibu la Bakari likipotea njiani, Bakari anahesabu kapata, Asha anahesabu hajapata, na tangu hapo hawaelewani. Nimefanya hivi: Bakari anaiweka pakiti ya mwisho pembeni kwanza, haichanganyi. Pakiti inayofuata ikija na namba ya nafasi ileile, anajua Asha hakusikia jibu, anaifuta ile ya pembeni anaweka mpya. Ikija na namba inayofuata ndo anaichanganya. Mpya ni bahati nasibu mpya, sio kurudia ya zamani.

Siku ya 22

Mdogo wangu kazunguka na mdukizi kwenye mfuko, pawabanki ndani. Kibarazani ng'ambo ya barabara amepata kama nusu. Nyuma ya ukuta wa duka la jirani amepata 50 kati ya 63, na programu ya ukaguzi ikasema hana hata mchanganyiko mmoja wa funguo. Tulifurahi sana.

Afu nikamwambia akae chini ya kaunta, mita moja kutoka kwa Asha. Amepata 61.

Akikosa pakiti mbili tu, basi kati ya funguo sita anajua mambo manne, mawili ndo yanabaki gizani. Na sijui ni yapi mawili, maana inategemea zipi zilimpita. Nimelala na hilo.

Siku ya 24

Nimeamka na jibu ambalo nilitakiwa nilione mapema kwenye vitabu vyangu mwenyewe. Hamming anavuna funguo nyingi, na anategemea zipi zimempita mdukizi. Ninachotaka ni msimbo usiojali zipi, unaojali ngapi tu. Huo upo tangu 1960, wa Irving Reed na Gustave Solomon, uleule unaofanya diski ya CD yenye mkwaruzo iendelee kuimba. Ukiutumia hapa, ukivuna funguo 2 kutoka pakiti zozote, mdukizi akikosa pakiti 2, zozote zile, ya kwanza na ya mwisho au mbili za katikati, hajui chochote kuhusu funguo zote mbili. Hakuna mpangilio mbaya.

Hesabu yake inafanywa kwa baiti badala ya biti, kwenye ulimwengu wa namba 256 ambamo kuzidisha hakutoki nje. Ufunguo wa kwanza ni jumla ya pakiti zote. Wa pili ni jumla ileile, ila kila pakiti imezidishwa kwanza kwa namba yake ya pekee. Basi, ni hivyo. Jedwali mbili za baiti 256 kila moja kwa ajili ya kuzidisha, nimeziweka kwenye kumbukumbu ya programu, hazigusi ile ndogo.

Na kwa sababu kila nafasi inataka namba yake isiyo sifuri, naweza kwenda mpaka pakiti 255. Nimeweka 250. Mdukizi wa chini ya kaunta, kwa kasi ileile ya 61 kwa 63, atakosa kama 8 kwa wastani, mi nahitaji akose 2. Kukusanya bahati nasibu ya pakiti 250 kunachukua kama dakika 16, ambayo inafanyika usiku wakati hakuna anayeihitaji. Kinachotoka ni baiti 62, meseji tatu za mama za baiti 20 kila moja. Asubuhi, mchana, jioni.

Mipaka yake naiandika hapa wazi, ili atakayeiga asijidanganye. Mdukizi mwenye antena nzuri, aliyetulia, asiyekosa hata moja, huyu simwezi, na hakuna msimbo utakaomweza, lazima pawepo alichokikosa. Namba ya 8 inachukulia kwamba anapoteza pakiti bila mpangilio, ambapo hewa halisi hupoteza kwa mafungu, ndo maana natuma kwa kutawanya usiku kucha na kuruka chaneli, yani kubadili masafa. Na mtu anayejifanya Bakari akajibu badala yake ni tatizo lingine, sio la kudukiza, nimelizuia kwa neno fupi la siri ambalo bodi zote mbili zilipewa zikiwa mezani siku ya kwanza, linatia sahihi kwenye majibu na kila usiku linabadilishwa kwa baiti 2 zilizobaki. Baiti 2 ni kidogo, najua, kazi yangu inayofuata ni kuongeza funguo zifike 3.

Siku ya 27

Saa saba na dakika nne mchana. Mama kabonyeza. Kwa babu, kwenye kiskrini cha mistari miwili, imetokea MAUZO 84500 na chini yake DENI 9000. Babu kavaa miwani, kasoma mara mbili, kaandika kwenye daftari kwa ile kalamu yake ya wino.

"Na huyo mwingine kaona nini?" kaniuliza.

Nikampigia mdogo wangu, bodi ya mdukizi ilikuwa chini ya kaunta tangu jana jioni tulipoifunga pale. Akanisomea kwenye skrini yake: pakiti 244 kati ya 250, funguo hakuna, na ujumbe wa mama ni baiti ishirini zisizosomeka. Babu akauliza tena zile sita zilizompita ni zipi. Nikamtajia: 17, 58, 59, 130, 201, 233. Kaziandika nazo, pembeni ya mauzo.